Gauni la Tarehe Mosi

Mjukuu wangu anavijua viuno vya wanawake wote wa mtaa wetu. Ukipita barabarani na mfuko wako wa mboga, yeye yuko dirishani nyuma ya cherehani, anakutupia jicho moja tu, kisha anasema chini chini, "Inchi thelathini na sita. Mwaka jana alikuwa thelathini na nne." Akikuita ndani akupime kwa futi, ile kamba yake inayoning'inia shingoni mchana kutwa, inatoka thelathini na sita kamili. Nimeshuhudia mara elfu. Haya, mara kumi.

Kiuno kimoja tu alikuwa hakijui, nacho ni chake mwenyewe.

Utotoni tulimwita Sindano. Alikuwa mwembamba hata siku za upepo nikimfunga mshipi kwenye mguu wa meza, asije akapeperuka akatua kwa jirani wakasema wamemwokota. Siku hizi watu wanamwita Fundi, na jina la Sindano nimebaki nalo mimi peke yangu. Chumba chake cha kushonea ndiyo sebule yetu. Cherehani ya kukanyaga iko chini ya dirisha, halafu meza ya kukatia, pasi, ndoo ya vipande vya vitambaa, na lile sanamu la kuvalisha nguo, lisilo na kichwa wala mikono. Mimi namwita Mke Mwenzangu. Kila asubuhi namsalimia. Hajawahi kuniitikia hata siku moja, na ndiyo maana tunapatana.

Fundi nimemlea tangu ana miaka kumi na miwili, mama yake alipofariki. Mama yake alikuwa binti yangu wa pekee, na sukari ndiyo iliyomchukua. Nitalisema hili haraka haraka, maana nikilisema polepole sitalimaliza. Ilianza kwa kiu. Aliweka jagi la maji kando ya kitanda, na mchana kutwa nasikia kikombe kinagonga jagi, ko, ko, ko. Kisha kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Kisha mguu wenyewe. Kisha yeye mzima, akiwa na miaka arobaini na mmoja. Tangu hapo, mtu akigonga kikombe kwenye jagi mbele yangu, nainuka hata kama niko katikati ya chakula.

Na wa nyumbani kwangu wananijua: nikiogopa, uongo wangu unarefuka. Mtoto akipata homa ndogo, nitakusimulia habari za mbuzi wetu aliyeongea. Homa ikipanda, mbuzi huyo huyo atahutubia mkutano na watu watapiga makofi.

Basi Fundi alipofika miaka kumi na sita, siku zake zikaanza kupotea. Mwezi unaingia, unatoka, zenyewe hazionekani, halafu zinakuja baada ya miezi mitatu kama mgeni aliyekosea njia. Uso ukajaa chunusi. Mwisho zikaota ndevu. Si malaika, vile vinyweleo laini vya shavuni, ni ndevu, ngumu, hapa kidevuni. Akawa kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha la kazi anajifungia bafuni na wembe. Mimi nje ya mlango nikamwambia, "Usijali, mama. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na ndevu mpaka kifuani. Chui aliingia zizini akamkuta amelala, akadhani ni simba, akaomba radhi akaondoka."

"Bibi," akasema kutoka ndani, "mwaka juzi huyo chui alikuwa fisi."

Hakucheka.

Aliyempeleka hospitali hasa ni mteja, mama mmoja mwenye duka la viatu. Fundi alikuwa amepiga magoti mbele yake, pini nne mdomoni, anamwekea alama za pindo. Yule mama akainama akamshika kidevu.

"Fundi! Mbona kidevu chako kinachoma kama cha mume wangu?"

Wenzake wawili kwenye benchi wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Na mumeo tangu lini akakupa kidevu?" nikamuuliza. "Nasikia anakupa mgongo."

Lakini Fundi alizitoa pini mdomoni moja moja, akaziweka kiganjani, na zilikuwa tatu. Niliapa ameimeza ya nne. Nilimfunua mdomo, nikamwangalia ulimi, nikalia. Jioni tukaikuta kwenye pindo la yule mama, alipoirudisha nguo akilalamika imemchoma. Alhamdulillahi mara mbili.

Kesho yake tukaenda hospitali. Daktari alikuwa mwanamke mdogo, miwani imemteremka mpaka ncha ya pua. Akampaka Fundi mafuta ya baridi tumboni, akapitisha kile chombo cha kuonea ndani, akapima damu, akazungusha futi kiunoni mwake na kuandika kwenye kadi: inchi thelathini na tano. Fundi aligeuza uso ukutani asiione. Siku ya majibu akatueleza.

"Mayai yake yanaanza kukua, halafu yanasimama njiani. Yanabaki kama vifuko vidogo vidogo vya maji. Na mwili unatengeneza homoni za kiume kuzidi kiasi. Hizo ndizo zinaleta ndevu na chunusi. Kila mwanamke anazo kidogo, ila kwake zimezidi."

"Hata mimi ninazo?"

"Hata wewe, bibi."

"Nilijua. Ndiyo maana wanaume hawanisogelei."

Daktari akacheka, Fundi akafunika uso kwa mkono. Ndipo daktari akauliza, bado tabasamu liko mdomoni, "Kuna mwenye sukari katika familia?"

"Mama yake," nikasema.

"Anatumia dawa gani?"

"Hayupo tena."

"Alikuwa na umri gani?"

Nikamwambia. Kalamu yake ikasimama. Nimeona vitu vingi vya kutisha duniani, na vingi nimevitunga mwenyewe, lakini sijaona kinachotisha kama kalamu ya daktari iliyosimama.

Akavua miwani. Akasema wanawake wengi wenye hali hii miili yao haisikii vizuri insulini, ile inayoitoa sukari kwenye damu na kuipeleka inakotakiwa. Basi sukari inabaki inazurura, na mafuta yanakaa kiunoni. Damu ya Fundi haikuwa na ugonjwa, ila sukari ilikuwa imepanda juu ya kawaida.

"Nitakupa dawa ya kuzuia hizo homoni zisifanye kazi," akamwambia. "Ndevu na chunusi zitapungua, lakini si leo wala kesho. Hesabu miezi sita, pengine zaidi. Wiki chache kutoka leo urudi upimwe presha na madini ya damu. Na ukiwa kwenye dawa hii usishike mimba, inaweza kumdhuru mtoto. Nitakuandikia na vidonge vya uzazi wa mpango. Sasa nisikilize vizuri. Dawa hii ni ya homoni. Wapo wanaopata nafuu kidogo na kwingine mwilini, lakini usiifanye mlinzi wako wa sukari. Mlinzi wa sukari ni chakula, kutembea, na kupimwa. Wewe ni fundi, futi unayo. Pima kiuno kila mwezi. Kikiongezeka usingoje miezi sita, njoo."

Akaongeza na mengine kuhusu dawa, lakini mimi nilikuwa simsikii tena. Nilikuwa nasikia kikombe na jagi.

Tulipofika nyumbani Fundi akaivua futi shingoni, akaitundika ukutani. "Sijipimi," akasema.

"Daktari kasema..."

"Bibi, futi ina huruma. Ukijipima mwenyewe unavuta tumbo ndani bila kujua, na futi inakubali. Nguo haikubali."

Akachukua kitambaa cha bluu, kile kigumu kisichovutika, akashona gauni la mikono mifupi, zipu mgongoni, limembana kiunoni sawasawa, bila kujitazamia namba. Hilo ndilo likawa kipimo. Kila tarehe mosi atalivaa. Zipu ikipita, salama. Ikigoma, hospitali. Siku nyingine zote alikuwa analivaa Mke Mwenzangu, na nikawa naogopa hata kumsalimia.

Mwezi wa kwanza zipu ikapita. Wa pili ikapita. Madini ya damu yakapimwa, yakawa sawa. Jioni Fundi alikuwa anafunga cherehani na kutembea mpaka mwisho wa barabara na kurudi. Mwezi wa tatu nikasikia zipu inapanda, halafu ikanyamaza katikati ya mgongo. Akavuta pumzi, akaivuta kwa nguvu, ikapita inalalamika.

"Imepita," akasema. "Mosi ijayo ikigoma nitaenda."

Kisha akakaa kwenye cherehani na gauni mwilini, miguu juu ya pedeli, hakukanyaga. "Itanichukua kama mama," akasema. Hakuniambia mimi. Aliiambia cherehani.

Siku tatu hakula cha maana. Aliharibu blauzi ya watu: alishona mikono miwili, yote ya kushoto. Yeye, ambaye angeweza kushona usingizini! Nilimkuta ameishika ile blauzi, anaigeuza huku na huku, haoni kosa liko wapi. Hapo nikaona hofu itamuua kabla ya sukari.

Sasa, kila fundi mzuri anaacha akiba ndani ya mshono. Ni kitambaa cha ziada, upana wa kidole kimoja na ushee kila ubavu, ili mwenye nguo akinenepa iweze kupanuliwa. Mkono wa Fundi ulikuwa umezoea hivyo, akaiacha hata kwenye gauni lake la kipimo. Alipotoka kwenda kununua nyuzi, nikamvua Mke Mwenzangu lile gauni, nikafumua mbavu zote mbili, nikasogeza mshono nusu ya kidole kila upande, nikashona kwa mkono. Shule sikuingia hata kwa bahati mbaya, lakini sindano inanitii. Nikapiga pasi, nikamvisha tena. Mke Mwenzangu aliniangalia. Najua hana kichwa. Aliniangalia.

Mosi ya mwezi wa nne zipu ikateleza.

"Bibi! Imepita kama maji!" Akazunguka katikati ya chumba mpaka vipande vya vitambaa vikaruka. Mchana alikula, akaomba tena. Na kweli ndevu zilikuwa zinapungua, wembe sasa anaushika mara moja kwa wiki, na kidevu chake kimeanza kuwa kile cha utoto. Nilimtazama nikajiona mimi ndiye niliyemponya.

Kabla ya mwezi wa tano nikafumua tena, nikasogeza tena. Zipu ikateleza tena. Lakini kazi ya sare za shule ilikuwa imeingia, marundo kwa marundo. Matembezi ya jioni yakakoma, na sukari ikarudi kwenye chai. Nikimwambia, ananijibu, "Bibi, gauni limeniruhusu." Ningemjibu nini? Gauni lilikuwa mimi.

Kisha siku moja, saa nne asubuhi, nikiwa jikoni, nikasikia: ko.

Nikasimama. Ko, tena. Nikachungulia. Kando ya cherehani, sakafuni, kulikuwa na jagi la maji na kikombe. Fundi alikunywa, akajifuta mdomo, akaendelea kushona. Kabla sijamaliza kuosha sufuria moja, ko. Akainuka akaenda chooni. Akarudi. Ko.

Wiki ile uongo wangu ulikosa breki. Mbuzi alihutubia, akachaguliwa kiongozi, akasafiri kwa ndege na kukaa kiti cha mbele. Fundi alikuwa anacheka, na kila akimaliza kucheka anakunywa maji. Usoni nilikuwa nachekesha, chini ya meza mikono inakunja kanga na kuikunjua. Siku mbili kabla ya mosi ya sita Fundi alipokwenda chooni nikamvua Mke Mwenzangu gauni kwa mara ya tatu, nikaingia nalo chumbani kwangu, nikafumua kidogo ubavuni nione. Akiba ilikuwa imekwisha. Kilichobaki hakitoshi kushika sindano. Nimeketi pale na gauni mapajani, na kutoka chumba cha pili, ko. Nilimwona binti yangu. Sisemi kivuli, sisemi ndoto. Niliuona mguu wake.

Nikaenda nikasimama mbele ya cherehani.

"Sindano. Gauni lako nimelipanua."

Hakuinua kichwa. "Na mbuzi alikushikia taa?"

"Mara mbili nimelipanua. Mwezi wa nne na wa tano."

"Bibi, nina sare kumi na nne hapa."

"Mama, nakwambia kweli."

"Kweli ya chui au kweli ya fisi?"

Nikaligeuza gauni ndani nje, nikaliweka juu ya sare, chini ya sindano ya cherehani. Akaliangalia. Ubavuni mistari ilikuwa mitatu. Miwili ya matundu matupu, pale mshono ulipokuwa zamani, na wa tatu ni wa mkono wangu, mishono midogo midogo kama meno ya panya. Anaujua mshono wangu tangu utotoni, umeshika vifungo vya sare zake zote. Akaupitishia kidole kutoka kwapani mpaka chini. Miguu ikatoka kwenye pedeli.

"Kwa nini, Bibi?"

"Ulishona mikono miwili ya kushoto," nikasema. Hilo ndilo jibu nililokuwa nalo.

Akainuka, akaitoa futi ukutani, akaizungusha kiunoni, akatoa pumzi yote, akaacha tumbo likae linavyotaka. Hakuniambia namba. Lakini namba nazijua, na nilikiona kidole gumba kilipobana. Thelathini na nane.

"Na hayo maji?" nikamuuliza.

"Kiu ni ya dawa. Inatoa maji mwilini, daktari alisema, wewe ulikuwa umekaa pale pale." Kisha akageuka, akalitazama jagi kama mtu aliyeona nyoka ndani ya nyumba. "Hivyo ndivyo nilivyokuwa najiambia. Sasa sijui, Bibi. Kiu hii ni ya dawa, au ni ya mama?"

Tulikwenda asubuhi yake, hajala kitu. Wakamtoa damu, wakampa glasi ya maji yenye sukari nyingi ainywe yote, wakamwambia akae kwenye benchi saa mbili, asile, asitembeetembee, kisha watamtoa damu tena. Tukakaa. Ukutani kulikuwa na saa, na mshale wake mrefu ulikuwa mvivu kuliko mume wangu wa pili.

"Bibi, sema kitu," akanong'ona.

Nikamfunika mabega kwa kanga yangu.

"Ule wa mbuzi."

"Mbuzi ni mbuzi," nikasema. "Hakuwahi kuongea."

Hapo ndipo alipoogopa kweli. Aliushika mkono wangu mpaka mifupa ikagongana, na hatukuachiana mpaka muuguzi alipomwita.

Daktari alisoma karatasi mara mbili. Miwani ikateremka, akaipandisha. Nilimwangalia kalamu, si uso. Kalamu ilikuwa inaandika.

"Sukari haijavuka mstari," akasema.

Fundi akainamia magoti yake.

"Msishangilie. Imesogea, imebaki hatua ndogo. Mngengoja mwaka mwingine na hilo gauni lenu..." Hakumalizia. "Kiu ni ya dawa, presha na madini viko sawa, endelea nayo. Imefanya kazi yake, kidevu nakiona. Lakini kiuno haikuwa kazi yake. Sasa nakuongezea dawa ya kuusaidia mwili uisikie insulini. Na kutembea si hiari tena, wala chai ya sukari."

"Daktari mwanangu," nikasema, "na mimi nipe dawa."

"Ya nini, bibi?"

"Ya mikono."

Daktari akaitazama mikono yangu. "Wewe tembea naye," akasema. "Kila jioni. Mikono ikiwa njiani haifumui kitu."

Siku mbili Fundi hakunisemesha zaidi ya salamu. Ya tatu akatandika kitambaa kingine cha bluu mezani, akajipima kwa futi huku macho yapo wazi, akaandika namba kwa chaki, akakata, akashona. Alipomaliza mbavu aliligeuza gauni ndani nje, akachukua mkasi mkubwa, akakata akiba yote, kushoto na kulia, akabakiza upana wa punje ya mchele, akaupiga uzi wa kingo usifumuke. Vipande vikaanguka miguuni mwangu.

"Anayetaka kulipanua hili," akasema, "atalichana."

Nikaviokota, nikavitia kwenye ndoo.

Sasa tunatembea, mwisho wa barabara na kurudi, yeye mbele, mimi na magoti yangu nyuma tunagombana. Yule mama wa viatu akituona anaita, "Fundi, unamfukuza bibi yako?" na Fundi anamjibu, "Namchunga." Watu wanacheka. Mimi najua si mzaha.

Mosi iliyofuata nilikaa kwenye kiti karibu na Mke Mwenzangu, nikasikiliza. Zipu ikaanza. Ikapanda. Ikasimama. Nikahesabu pumzi zangu, nikafika sita. Ikaendelea mpaka juu.

"Imepita," akasema kutoka chumbani. Hakuzunguka, hakuimba. Alilivua, akaja nalo dirishani penye mwanga, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono wa ubavu mmoja kutoka kwapani mpaka chini, kisha wa pili. Ndipo akashusha mabega.

Anafanya hivyo kila mwezi mpaka leo. Mimi hukaa pale kitini, mikono nimeiweka juu ya magoti aione, na siongezi neno.